Kocha mpya kaja na mfumo wake, timu haifungi: tatizo litafutwe wapi

Hali yenyewe anaijua kila aliye karibu na timu za Arusha na Moshi, kuanzia ligi ya wilaya hadi Championship, ligi ya daraja la pili nchini. Kamati inamleta mwalimu mpya. Anakuta kikosi kilichozoea 4-4-2 ya mipira mirefu (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), yeye anataka 4-3-3 ya kuanza nyuma kwa pasi. Mechi za kirafiki zinapendeza. Ligi inaanza, timu inamiliki mpira, watu wanapiga makofi, bao haliji. Ikifika mechi ya nne kamati imeshaamua kwamba dawa ni kusajili mshambuliaji, na kuna mjumbe ana namba ya simu ya kijana mmoja wa Tanga.

Kabla simu hiyo haijapigwa, timu ipimwe. Kwa nilivyoona kwenye timu nilizokaa nazo, bao lisilopatikana mbele mara nyingi limepotelea nyuma, pasi mbili au tatu kabla mpira haujamfikia namba tisa, mshambuliaji wa kati. Ukimtoa namba tisa hapo umemwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakuwepo likitendeka. Mwongozo huu unafuata dalili. Nenda kwenye dalili uliyonayo, ila kazi ya daftari ifanye kwanza, hata kama unaamini tatizo unalijua.

Anza na daftari

Mwalimu akisema "nacheza 4-3-3" bado hajakwambia kitu. Kuna 4-3-3 ambayo mawinga wanakaa mstarini na kuna ambayo wanaingia ndani. Kuna ambayo namba tisa anakaa na mabeki wao, na kuna ambayo anashuka kuja kupokea. Kwa hiyo kaa naye, mnywe chai, umuulize kazi. Mpira wa kwanza kutoka kwa mabeki wa kati anaupokea nani? Upande wa kulia unafunguliwa na winga au na beki? Nani anakimbia nyuma ya mabeki wao? Krosi ikipigwa, wangapi wawe ndani ya kumi na nane, yaani boksi la goli la wapinzani? Tukipoteza mpira, nani anakaba palepale na nani anabaki nyuma?

Kila kazi iandike kwenye mstari wake, na mbele yake majina mawili: anayeifanya sasa na anayeweza kuifanya. Usiandike nafasi, andika kazi. Ukimaliza utaona mambo ya aina tatu. Kuna kazi isiyo na jina. Kuna jina moja lililobebeshwa kazi mbili zisizowezekana kwa wakati mmoja, kwa mfano beki wa kulia anayetakiwa kufika mstari wa goli la wapinzani na papo hapo awe wa kwanza kuzuia mashambulizi ya kushtukiza. Na kuna mchezaji mzuri ambaye jina lake halipo popote kwenye ukurasa. Ni hilo la kwanza tu ndilo la usajili. La pili linatatuliwa na mwalimu kwa kupunguza madai yake. La tatu linahitaji mazungumzo, na nitalifikia.

Dalili: mpira tunao, nafasi hatupati

Hii ndiyo inayokuja mara nyingi zaidi, na ndiyo inayopewa tiba isiyo yake.

Kwanza badilisha unapotazamia. Ukikaa jukwaani katikati, iwe Sheikh Amri Abeid au uwanja wa shule, unaona timu inavyopanda na kushuka, lakini upana huuoni. Mtume mtu mmoja akae nyuma ya goli la wapinzani kwa dakika kumi na tano, na simu yake irekodi. Mkirudi kuangalia, simamisha picha kila mpira unapokuwa kwa beki wenu wa kati wa kushoto, kisha mtafute winga wa kulia yuko wapi.

Kama ameingia ndani na beki wa kulia hajapanda, tatizo lenu la kwanza limepatikana: uwanja mmeufunga wenyewe. Hesabu yake ni rahisi. Uwanja wa kawaida una upana wa mita 68, na boksi la kumi na nane lina upana wa mita 40.32. Mawinga wote wawili wakiwa ndani na mabeki wa pembeni wakiwa nyuma, mabeki wanne wa wapinzani wanasimama kwa upana wa boksi tu, na karibu mita 28 za uwanja hazina mtu wa kuwasumbua. Kupenya hapo katikati ni kazi kubwa hata kwa timu zenye wachezaji ghali.

Dawa inategemea ulicho nacho. Mabeki wa pembeni wakiwa ni watu wazima wasioweza tena kupanda na kushuka, mawinga waambiwe wakae mstarini na viungo wa kupanda na kushuka, namba nane, ndio waingie kwenye nafasi za ndani. Mabeki wakiwa vijana wenye pumzi, waache mawinga waingie. Kuna na jambo dogo lisilogharimu kitu: winga mashoto anayecheza kulia kila mara atakata kuja ndani kwa sababu mguu wake unamvuta huko. Mrudishe kushoto. Nimeona timu ikifunguka kwa kubadilishana pande tu, bila neno jingine la mwalimu.

Kama upana upo na bado hamfiki golini, mwangalie namba tisa. Mwalimu anayependa pasi humtaka ashuke kupokea. Akishuka, beki wao mmoja anamfuata na shimo linabaki nyuma. Swali ni nani anaingia kwenye shimo hilo. Kwenye timu nyingi za hapa, jibu ni hakuna, kwa sababu viungo wamefundishwa miaka yote kwamba kazi yao ni kukaa katikati na kugawa. Mpira unarudi nyuma, watu wanasema mshambuliaji ni mbovu.

Tuliyoyaona kwa Yanga yanafaa kukumbukwa hapa. Msimu wa 2022/23 mshambuliaji wao Fiston Mayele alifunga mabao 17 ya ligi na kumaliza kinara pamoja na Saidi Ntibazonkiza wa Simba. Mayele akaenda Pyramids ya Misri, na kocha Nasreddine Nabi naye akaondoka, akaja Miguel Gamondi. Palikuwa na hofu ya wazi mitaani: nani atafunga? Msimu wa 2023/24 kinara wa ligi nzima akawa Stephane Aziz Ki kwa mabao 21, na aliyemfuata ni Feisal Salum wa Azam kwa mabao 19. Wote viungo. Yanga wakatwaa ubingwa. Mabao ya Mayele hayakujazwa na namba tisa mwingine, yalihamia kwa watu waliokuwa wanafika kutoka nyuma, na timu ilipangwa ili wafike.

Basi wiki mbili hesabu kitu kimoja tu: kila mpira unapofika robo ya mwisho ya uwanja, wangapi wenu wako ndani ya boksi au wanaingia. Ikiwa ni mmoja, usizungumzie usajili bado. Mchague namba nane mmoja, mwenye pumzi kuliko mwenzake, mwambie kazi yake ya kwanza ni kuingia boksi, na mwenzake abaki. Wasiende wote wawili, kwa sababu hapo namba sita, kiungo anayekaa mbele ya mabeki, atabaki peke yake na mtafungwa kwa mipira ya kushtukiza.

Sababu ya tatu inajificha zaidi, nami ningependa kila mwalimu wa timu za vijana aitilie mkazo: namna ya kupokea mpira. Mtazame beki wako wa kulia. Mpira unatoka kwa beki wa kati. Amesimama kifua kikiwa kimeuelekea mpira, anausimamisha kwa mguu wa kushoto, mguu ulio karibu na mpira. Ili aone mbele inabidi ageuke. Anageuka, anausukuma kidogo, anainua kichwa. Winga wao ameshafika. Anarudisha kwa beki wa kati, na jukwaa linapiga kelele kwamba timu inarudi nyuma. Sasa mwambie asimame mgongo ukiwa upande wa mstari, auache mpira upite mbele ya mwili wake, aupokee kwa mguu wa kulia. Mguso ule mmoja unamtazamisha mbele, na winga wao bado yuko mbali. Mfumo wa pasi unaishi au kufa kwenye mguso huo. Haununuliwi, unafundishwa kwa wiki kadhaa za marudio, kila siku dakika kumi kabla ya mazoezi yenyewe.

Na uwanja? Uwanja ni sababu ya kweli. Kuanzia Machi hadi Mei, masika ikishika, viwanja vingi vya Arusha vinakuwa tope, na kiangazi kikiingia tope hilo linakauka kuwa mabonde madogo yenye vumbi. Mpira wa chini unaruka ruka, pasi ya mita kumi inafika gotini. Sheria za mpira zinaruhusu uwanja uwe na upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo vilevile kuna viwanja vyembamba ambavyo upana mnaoutafuta haupo. Mpime uwanja wa ugenini kwa hatua kabla ya mechi. Ukiwa mwembamba, winga wa pili ni bora awe mshambuliaji wa pili siku hiyo, na mwalimu asione kwamba ameusaliti mfumo wake.

Dalili: nafasi tunapata, mpira hauingii

Hapa ndipo namba tisa anaweza kuwa tatizo kweli, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Angalia mashuti yanapigwa kutoka wapi. Mengi yakiwa nje ya kumi na nane, rudi kwenye dalili iliyotangulia, kwa sababu hizo si nafasi. Yakiwa ndani, katikati ya goli, na mchezaji mmoja anazikosa mechi baada ya mechi, mpumzishe, mpe mwenzake mechi tatu mfululizo, kisha ndipo mlinganishe. Dakika kumi za mwisho hazimpimi mtu.

Dalili: tunafungwa kwa mipira tunayoipoteza wenyewe nyuma

Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019, goli kiki haihitaji tena kutoka nje ya kumi na nane. Beki anaweza kuupokea hatua chache tu kutoka kwa kipa wake. Ndiyo maana waalimu wengi sasa wanaanzia hapo, na ndiyo maana makosa ya hapo yanaonekana zaidi kuliko zamani.

Pima miguu kabla ya kulaumu akili. Mabeki wako wa kati wakiwa wote wa mguu wa kulia, wa kushoto atapokea na kugeuza mpira kuja katikati, mahali ambapo mshambuliaji wao anamsubiri. Kikosini ukiwa na mashoto hata wa kiwango cha chini kidogo, mjaribu hapo. Kisha mwangalie namba sita. Anapokea mpira akiwa ameangalia goli lake, bila kutazama nyuma ya bega? Huyo atanyang'anywa kila mechi, na atakayelaumiwa ni kipa. Kazi yake mwanzoni iwe kuupokea na kuurudisha kwa mguso mmoja, basi. Kugeuka nao kuje baadaye.

Kipa ni suala zito zaidi. Pep Guardiola alipofika Manchester City mwaka 2016 alimweka kando Joe Hart, kipa wa timu ya taifa ya Uingereza, kwa sababu alimtaka kipa wa kuanzisha mashambulizi kwa miguu. Akamleta Claudio Bravo, na msimu huo mambo hayakukaa sawa. Mwaka uliofuata akaja Ederson, na City wakachukua ligi kwa pointi 100. Klabu yenye pesa ile ilibadilisha kipa mara mbili ndani ya miaka miwili ili kujaza kazi moja. Timu ya ligi ya mkoa haina nafasi hiyo. Kama kipa wako ana mikono mizuri na miguu mizito, mwache na mikono yake. Apige mrefu, lakini upigwe mahali palipokubaliwa, tuseme upande wa kulia juu ya beki wao mfupi, na namba nane na winga wawe wameshasogea kuuwahi mpira wa pili. Hilo nalo ni kuanza mashambulizi kwa mpango. Mwalimu anayeng'ang'ania pasi fupi kwa kipa asiyeweza, kwenye uwanja wenye mabonde, anacheza na ajira yake na ya wachezaji wake.

Dalili: mabeki wa pembeni hawafiki mbele, au wakifika hawarudi

Dalili hii inaletwa hasa na walimu wanaokuja na 3-4-3 au 3-5-2, mifumo ya mabeki watatu ambayo upana wote unabebwa na mtu mmoja kila upande, wingibeki. Naomba tuilinganishe mifano miwili ya Uingereza, maana inajibu swali ambalo kamati nyingi huuliza: mfumo ni mbaya au wachezaji ni wabaya?

Septemba 2016 Chelsea ya Antonio Conte ilifungwa 3-0 na Arsenal. Conte akahamia 3-4-3. Wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo, wakamaliza mabingwa kwa pointi 93. Wingibeki wa kulia alikuwa Victor Moses, winga aliyekuwa ametolewa kwa mkopo msimu baada ya msimu, ambaye hakuna aliyemfikiria kuwa beki. Novemba 2024 Ruben Amorim alifika Manchester United akiwa na 3-4-3 pia. Wakamaliza msimu nafasi ya 15 kwa pointi 42.

Tofauti haiko kwenye namba za mfumo. Conte alianza na timu yake tangu majira ya joto, na kwa kuwa Chelsea ilikuwa imemaliza ya 10 msimu uliotangulia, haikuwa na mechi za Ulaya. Alikuwa na wiki nzima ya mazoezi kati ya mechi na mechi. Amorim aliingia msimu ukiwa katikati, akiwa na Ligi ya Europa katikati ya wiki, na wingibeki wa kushoto wa kazi hiyo, Patrick Dorgu, alikuja Februari 2025. Ni kazi isiyo na jina pamoja na siku za mazoezi zisizokuwepo. Vyote viwili kwa mpigo.

Sasa geuza macho uangalie kwetu. Siku za mazoezi za timu ya Moshi zinaliwa na nini? Mlima. Msimu wa watalii ukianza, kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, vijana kadhaa wa kikosi wanapanda kama wapagazi. Njia ya Machame ni siku sita au saba. Kijana anaondoka Jumatatu, anashuka Jumapili, miguu imechoka, na mazoezi ya wiki nzima hakuyaona. Huwezi kumkataza, ndiyo riziki yake na ya nyumbani kwao. Arusha ni hivyo hivyo kwa anayeendesha bodaboda hadi usiku au kufungua duka la spea asubuhi. Mwalimu anayetoka kwenye klabu ya wachezaji wa mishahara halioni hili mpaka aambiwe, na ni wajibu wa meneja kumwambia siku ya kwanza.

Kwa hiyo kwenye daftari lako ongeza safu moja: nani yupo mazoezini siku ngapi kwa wiki. Kazi ngumu za mfumo, wingibeki na namba sita, wape wanaokuwepo. Mchezaji hodari anayekuja siku moja kwa wiki mpe kazi isiyohitaji maelewano mengi, kama kukaa na kukimbia nyuma ya mabeki wao. Hii inaumiza, kwa sababu mara nyingine aliye hodari zaidi ndiye anayepanda mlima mara nyingi zaidi. Lakini wingibeki asiyejua mwenzake atasimama wapi anavunja upande mzima.

Ukikosa wingibeki kabisa, mtafute ndani kabla ya nje. Winga mwenye bidii anafundishika kukaba kuliko beki mzito anavyofundishika kukimbia. City walimtumia Fabian Delph, kiungo, kama beki wa kushoto msimu wa 2017/18 Benjamin Mendy alipoumia goti. Kigezo changu ni kimoja: je, akipoteza mpira anarudi bila kuambiwa? Mengine yote yatafundishwa.

Dalili: dakika ya sitini timu inakatika

Tazama ni mstari upi unaokatika kwanza. Mbele wakiacha kukaba huku viungo wakiendelea kupanda, katikati kunabaki uwazi ambao mpinzani yeyote ataupitia. Dalili hii inatafsiriwa kama uvivu. Mara nyingi mwalimu ameagiza kukabia juu, yaani karibu na goli la wapinzani, kwa dakika tisini na miili haipo.

Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000. Mchezaji aliyesajiliwa kutoka Dar es Salaam au Tanga kwenye dirisha dogo atahema kuliko wenyeji kwa wiki za mwanzo, na asihukumiwe kwa mechi zake mbili za kwanza. Mpira nao unaenda mbali kidogo zaidi hewani, krosi zake zitapitiliza. Mpe muda. Kinyume chake, mkienda kucheza pwani saa kumi jioni, joto na unyevu vitawamaliza vijana wenu ambao Julai yote walifanya mazoezi kwenye baridi na ukungu.

Agizo la kukaba ligawanywe. Kabeni juu kwa nguvu robo saa ya kwanza ya kila kipindi na kila wapinzani wanapopiga goli kiki fupi, muda mwingine mrudi mpaka katikati ya uwanja mjipange. Sabu tano zinaruhusiwa sasa, kwa hiyo mabadiliko ya mawinga wote wawili kwenye dakika ya sitini yapangwe kabla ya mechi na wahusika wajue. Aliyejua tangu asubuhi kwamba atacheza dakika sitini atatoa alichonacho chote.

Ulizeni pia watu wamekula nini. Kijana aliyetoka kazini saa nane na kuja uwanjani na chai na andazi hawezi kukaba juu kwa mtu yeyote. Sahani ya wali na maharage mchana ni gharama ndogo kuliko usajili wowote mnaoujadili.

Dalili: aliyekuwa bora msimu uliopita haonekani

Karibu kila timu ina namba kumi wake, aliyezoea kusimama nyuma ya mshambuliaji na kupewa kila mpira. Mfumo mpya hauna namba kumi. Mwalimu anampeleka winga, anapotea. Anampeleka namba nane, anachoka kukaba. Mashabiki wanaanza kuuliza kwa nini hachezi, na chumba cha kubadilishia kinagawanyika.

Suala hili halitatuliwi ubaoni. Mwiteni pembeni, mwalimu na nahodha, baada ya mazoezi watu wakishaondoka. Nilikuwepo kwenye mazungumzo kama hayo, mchezaji akiwa ni kaka mtu mzima anayeheshimiwa mtaani. Mwalimu alianza kwa kumuuliza anauonaje mfumo. "Mwalimu, mimi mpira nauchezesha nikiwa karibu na goli," alisema. "Huku ulikoniweka nakimbizana na watoto." Mwalimu akamjibu kwa upole: "Kaka, sitaki ukimbizane nao. Nataka ukae mbele ya mabeki, mpira uanze kwako. Wanaokimbia nitakuwekea wawili pembeni." Akakubali kujaribu. Mguu wake haukuwa umezeeka, mapafu ndiyo yalikuwa yamezeeka, na nyuma kule alipewa muda na nafasi ya kupiga pasi zake.

Si kila namba kumi atafaa kuwa namba sita. Asiyekubali kukaba hata kusimama njiani, usimweke pale, mtafungwa. Huyo ni bora aingie dakika ishirini za mwisho wapinzani wakiwa wamechoka, na aambiwe hivyo waziwazi. Kumkalisha benchi bila kumwambia sababu ndiko kunakovunja timu.

Dalili: mazoezini safi, mechini hapana

Angalia mnafanyia mazoezi eneo la ukubwa gani. Timu mbili tatu zikigawana uwanja mmoja jioni, kila moja inapata robo yake. Pasi za mita nane zinakuwa tamu, mechi ikija umbali ni mita ishirini na tano na mguu haujazoea. Tafuteni walau siku moja kwa wiki uwanja mzima, hata kama ni alfajiri. Na siku hiyo fanyeni mfumo mkiwa na wapinzani kumi na mmoja wanaokaba kweli, wakiwemo wa timu ya vijana. Koni hazikabi.

Usajili ukifika

Baada ya yote hayo, rudi kwenye daftari. Kazi ambayo bado haina jina ndiyo ya kusajili, na iandikwe hivyo kwenye kikao: "tunatafuta mtu wa kupanda na kushuka kushoto, mguu wa kushoto, anayeishi karibu na mji." Usiandike "tunatafuta beki." Mjumbe akileta jina, swali la kwanza liwe ni kazi ipi anakuja kuifanya. Akishindwa kujibu, jina lisubiri.

Mchezaji aje afanye mazoezi kabla ya kuzungumza hela. Mwekeni kwenye kazi hiyohiyo, dhidi ya kikosi cha kwanza, uwanja mzima, angalau kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza kila mtu anajituma. Siku ya pili mtazameni akipoteza mpira anafanya nini katika sekunde tano zinazofuata, na mwalimu ndiye atoe jibu la mwisho, kwa maandishi, likihifadhiwa na katibu.